Kabla ya Kuhesabu Wati, Sikiliza Sindano

Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, mambo mawili yaliumia ambayo ni nadra kutajwa pamoja. La kwanza ni utalii wa Ngorongoro, uliotegemea sana wageni walioshukia Nairobi na kuvuka kuja kuiona kreta. La pili ni santuri. Bendi za Tanzania zilizoea kusafiri hadi Nairobi kurekodi na kuchapisha sahani zao, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na studio za biashara na mitambo ya kuchapa. Mpaka ukafunguliwa tena 1983. Utalii ulirudi, na leo Karatu ni mji wa hoteli, kituo cha mwisho cha kulala, kula na kujaza mafuta kabla ya lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro. Santuri hazikurudi kwa wingi wa zamani, maana kaseti zilikwisha kuliteka soko. Ndiyo maana sahani za Cuban Marimba, Morogoro Jazz, Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Western Jazz na NUTA Jazz zilizosalia ni akiba isiyoongezeka. Inayovunjika imekwenda, na inayochakazwa na mashine mbovu inakwenda polepole.

Hoteli ya Karatu inayotaka wageni wake wausikie muziki huo jioni, au mkulima wa kahawa wa Oldeani aliyerithi kasha la sahani za wazee, akishapata mashine ya santuri atajikuta mbele ya ununuzi mkubwa kuliko yote: amplifaya. Akiwa na fedha za kununua iliyo bora, atakutana na soko linalomvuta kwa vitu viwili, idadi ya wati na jina lililochongwa usoni mwa mashine. Hoja yangu ni kwamba vyote viwili vinampeleka mahali pasipo. Amplifaya ya santuri ichaguliwe kwa kuanzia kwenye ncha zake mbili ambazo muuzaji hapendi kuzizungumzia: upande mmoja sindano inayogusa sahani, na upande wa pili soketi ya umeme ukutani. Mashine inayozitendea haki ncha hizo itapiga vizuri hata ikiwa na wati chache. Mashine isiyozitendea haki haitaokolewa na bei yake.

Tuanze na sindano. Amplifaya jumuishi ni boksi moja linalofanya kazi tatu: kupokea sauti hafifu, kuirekebisha, na kuisukuma hadi kwenye spika. Mashine ya CD huipa kazi nyepesi, kwa sababu inatoa karibu volti 2. Sindano ya santuri haina ubavu huo. Katriji (kichwa kinachoshika sindano) ya kawaida, ile ya sumaku inayotembea, hutoa takriban milivolti 5, yaani sehemu moja ya 400 ya kile kinachotoka kwenye CD. Katriji ya koili inayotembea, ambayo wapenzi wa santuri huilipia fedha nyingi, hutoa nusu milivolti au chini ya hapo. Kwa hiyo sauti ya sahani hupitia kwanza saketi ya peke yake, iitwayo fono, inayoikuza mara 100 hivi, au mara 1,000 kwa katriji ya koili, ndipo amplifaya ianze kuishughulikia kama sauti nyingine. Mkulima wa kahawa anaijua kanuni hii bila kufundishwa. Buni ikichumwa mbichi au ikichachushwa vibaya, hakuna mkaangaji duniani atakayeirudishia ladha iliyopotea shambani. Kadhalika kelele ikiingia kwenye fono, wati zote zinazofuata zitaikuza pamoja na wimbo, wala hakuna kitufe cha kuvitenganisha.

Fono ina kazi ya pili, na hapa ndipo sindano na soketi zinapokutana. Santuri haichongwi kama sauti ilivyo. Besi hupunguzwa, maana mfereji wake ungekuwa mpana mno na wimbo usingeenea kwenye sahani. Sauti nyembamba huongezwa ili zishinde mkwaruzo wa sindano. Mizani ya kufanya hivyo, iitwayo RIAA, ilikubaliwa na makampuni ya Marekani 1954 na kuenea duniani. Wakati wa kupiga, fono huigeuza mizani hiyo: hupandisha besi na kushusha sauti nyembamba, na kati ya ncha hizo mbili tofauti ya ukuzaji hufika karibu mara 90. Sasa, umeme wa Tanzania hucheza mara 50 kwa sekunde, na hapo ni katikati ya eneo ambalo fono imeamriwa kulipandisha. Mtetemo wa kasi hiyo hukuzwa mara 7 kuliko sauti za katikati, zile za mwimbaji na gitaa. Mvumo mdogo unaovuja kutoka kwenye transfoma, kwenye waya usio na ethi au kwenye nyaya zilizosongamana nyuma ya kabati, hutoka kwenye spika ukiwa mvumo mkubwa. Debe tupu haliachi kuvuma, na amplifaya yenye fono hafifu huvuma hata kabla sahani haijaanza kuzunguka.

Katika baa ya Kariakoo pengine hakuna atakayegundua, kwa sababu honi, maongezi na feni vitaumeza mvumo huo. Karatu baada ya saa tatu usiku ni mahali pengine, na ukingoni mwa kreta, mita 2,200 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kimya ni kizito kiasi cha kumfanya mgeni asikie majani yakisuguana nje ya dirisha. Kimya hicho ni sehemu ya kile anachokilipia. Muziki unaopigwa humo hupigwa kwa sauti ya chini, watu wakiwa wanaongea karibu na moto. Ina maana kwamba amplifaya ya huku itafanya kazi zake nyingi kwenye wati moja ya kwanza, penye ukaribu mkubwa zaidi kati ya wimbo na kelele. Anayenunua kwa kuangalia wati ya mwisho ananunua kitu ambacho hatakitumia, na anaacha kuuliza habari ya kile atakachokisikia kila usiku.

Atatokea wa kusema kwamba wati nyingi ni akiba, na akiba haiozi. Hoja hiyo ina ukweli wake. Ukumbi mkubwa wenye paa refu la makuti na spika ngumu kusukuma unahitaji nguvu, na mpigo wa ghafla wa ngoma au tarumbeta huidai amplifaya kitu ambacho wastani wa wimbo hauonyeshi. Lakini hesabu ya wati huwadanganya wengi. Kuongeza nguvu mara mbili, kutoka wati 50 hadi 100, huongeza desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini si kubwa. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu, zinahitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Spika ya kawaida yenye uwezo wa desibeli 88 kwa wati moja, ukiipa wati 20, hutoa desibeli 101 kwa umbali wa mita moja, kiasi ambacho hakuna mgeni atakayekivumilia akiwa anakula. Ushahidi wa historia nao upo. Mwaka 1978 kampuni ya NAD ilitoa amplifaya jumuishi iitwayo 3020, kazi ya mhandisi Bjørn Erik Edvardsen, yenye wati 20 tu kwa upande na sura isiyovutia. Ikawa miongoni mwa amplifaya zilizouzwa sana na kusifiwa sana katika historia ya fani hii, kwa sababu fedha zilipelekwa kwenye fono nzuri na kwenye sehemu ya umeme yenye pumzi ya kutosha wakati wa mpigo wa ghafla. Akiba yenye maana imo kwenye transfoma na kapasita zake. Njia rahisi ya kuipima ni kusoma nguvu ya mashine kwenye omu 8, kisha kwenye omu 4: ikikaribia kuongezeka maradufu, mtengenezaji hakubana matumizi kwenye umeme.

Tuje sasa kwenye soketi. Umeme wa Tanzania umepangwa kuwa volti 230. Amplifaya nyingi nzuri zilizotumika zinazozunguka kwenye soko la dunia zilitengenezwa kwa ajili ya Japani, yenye volti 100, au Marekani, yenye volti 120 na mzunguko wa mara 60. Ya volti 100 ikichomekwa ukutani Karatu itaungua ndani ya sekunde chache. Hata ikiwekewa transfoma ya kushusha, ile iliyoundwa kwa mzunguko wa mara 60 tu hupata joto zaidi kwenye mara 50. Bamba la nyuma lisomwe kabla ya jina la mbele. Kisha kuna kukatika na kurudi kwa umeme, ambako kishindo chake huumiza zaidi kuliko giza lenyewe, na kuna hoteli zinazoishi kwa jenereta na sola. Inveta ya bei nafuu inayotoa wimbi la ngazi ngazi huifanya transfoma ya amplifaya kunguruma, na mnunuzi huilaumu amplifaya bure. Inayotakiwa ni ya wimbi safi. Stabilaiza nzuri ni lazima, ila stabilaiza haitengenezi ethi mbovu. Anayetenga mamilioni kwa amplifaya atenge sehemu yake kwa fundi umeme wa kuchimbia ethi, kwani hakuna mashine, hata ya bei gani, inayokaa kimya penye ethi iliyooza.

Mwinuko nao una neno lake. Viwango vya kimataifa vya usalama wa vifaa vya sauti kwa kawaida huchukulia kwamba kifaa kitatumika hadi mita 2,000. Mji wa Karatu, kwenye mita 1,500 hivi, uko ndani ya kiwango hicho. Ukingo wa kreta umekipita. Hewa ya ukingoni ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Baridi ya usiku husaidia, lakini haifuti tatizo kwa amplifaya zinazochemka muda wote ziwe zinapiga au zimetulia, kama zile za daraja A na nyingi za valvu. Utamu wa valvu ni wa kweli na wanaoupenda hawajakosea. Hata hivyo valvu huchoka na kudai kubadilishwa, na huku zinachoka mbali na duka. Vumbi jekundu la kiangazi likijaza matundu ya kutolea joto, hatari huongezeka. Kwa mazingira haya amplifaya ya transista, isiyo na feni, yenye mapezi mapana ya kutolea joto na nafasi ya kiganja kila upande, ndiyo inayostahili kufikiriwa kwanza.

Turudi kwenye sahani zenyewe, kwa maana uchaguzi mzuri hutokana na kujua unachokwenda kukipiga. Mnunuzi wa Ulaya anayechagua amplifaya ya santuri mara nyingi anawaza sahani mpya za inchi 12, nzito na safi. Urithi wetu wa miaka ya 1960 na 1970 uko zaidi kwenye sahani za inchi 7 za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mrefu ukikatwa sehemu mbili, moja kila upande. Nyingi zilipigwa miaka mingi kwenye gramafoni nzito zenye sindano zilizochakaa, na nyingi zilirekodiwa kwa mono. Kwa sahani kama hizi kitufe kidogo cha mono ni cha thamani kuliko wati 100 za nyongeza. Sindano ya kisasa husoma mfereji kwa kwenda kulia na kushoto, na pia juu na chini. Wimbo wa mono umechongwa kwa kulia na kushoto pekee. Kinachoichezesha sindano juu na chini ni vumbi, makovu na uchakavu. Kitufe cha mono huziunganisha pande mbili na kufuta sehemu kubwa ya uchafu huo, sauti ya Salum Abdallah au gitaa la Mbaraka Mwinshehe vikabaki katikati, vimesimama. Baadhi ya watengenezaji wa daraja la juu, Accuphase wa Japani wakiwemo, wamekitunza kitufe hiki. Wengi wamekiondoa kwa kuona kimepitwa na wakati. Kwa urithi wetu hakijapitwa. Vivyo hivyo kwa kichujio cha mitetemo ya chini: sahani iliyopindishwa na jua, au hatua za watu kwenye sakafu ya mbao ya hoteli, hutikisa koni za spika kwa mitetemo isiyosikika na kula nguvu ya amplifaya bure. Mwenye sahani kongwe zaidi, za mizunguko 78, kama zile za kizazi cha Siti binti Saad aliyesafiri kwenda Bombay 1928 kurekodi, ajue kwamba zilichongwa kabla ya mizani ya 1954 na zinahitaji sindano na usawazishaji wa peke yake.

Pingamizi jingine hutoka kwa wajuzi: kwa nini kujifunga na fono iliyomo ndani, wakati fono ya nje yaweza kuwa bora na kubadilishwa peke yake? Kwa hoja ya ufundi wana haki. Accuphase wenyewe huiuza fono kama kadi ya ziada inayochomekwa nyuma, wakati Luxman, kampuni iliyoanza 1925, huijenga ndani ya amplifaya zake kama L-505Z, ikipokea katriji za aina zote mbili. Njia zote mbili zimezaa mashine nzuri. Lakini kila boksi la nje huleta waya wake wa umeme, jozi yake ya nyaya za sauti na njia nyingine ya ethi, na ethi mbili zisizolingana ndizo mzazi mkuu wa ule mvumo wa mara 50. Mahali penye umeme unaoyumba na fundi aliye mbali, boksi moja lililopangwa vizuri na watu waliojua transfoma itakaa wapi na fono itakaa wapi lina nafasi kubwa zaidi ya kukaa kimya. La muhimu mnunuzi ahakikishe kwamba fono imo kweli. Si aibu kuuliza, kwa sababu zipo amplifaya za bei kubwa ambazo fono haimo kabisa, na nyingine ambazo imo ya katriji za sumaku tu.

Kuna pingamizi zito zaidi la wanaosema santuri zenyewe zimepitwa, na kwamba simu na spika ya bluetooth zinatosha. Kwa vipimo, CD ina kelele ndogo na nafasi pana zaidi kati ya sauti ndogo na kubwa kuliko santuri yoyote. Kulikataa hilo ni kukataa hesabu. Isipokuwa swali letu ni hizi nyimbo zetu ziko wapi. Si zote zilizowahi kutolewa upya kwa usafi. Nakala nyingi zinazozunguka kwenye simu zilitolewa kwenye kaseti, nayo kaseti ilinakiliwa kutoka kaseti nyingine, besi imekatika na sauti nyembamba zimekauka. Tepu za Radio Tanzania Dar es Salaam ni hazina ya taifa, lakini hazimo mikononi mwa hoteli wala mkulima. Kwa nyimbo ambazo hazikupata bahati ya kutolewa upya, sahani ya inchi 7 ndiyo shahidi wa karibu zaidi na siku ile ya studio. Aidha, ikipigwa kwa fono nzuri ndipo inapoweza kunakiliwa vizuri kwenye kompyuta, ikapumzishwa, na nakala ikatumika siku za kawaida. Ubora wa nakala hiyo hauwezi kuupita ubora wa fono iliyoitoa.

La mwisho ni fedha. Ni halali kuuliza kama inafaa kununua amplifaya ya mamilioni wilayani ambako mahitaji ni mengi. Fedha za umma zisiguswe kwa jambo hili. Hapa tunazungumzia hoteli binafsi na watu binafsi ambao tayari wanalipia fanicha, mapazia na picha za ukutani ili mgeni ajue yuko Tanzania. Mgeni huyo mara nyingi hupigiwa muziki usio na uhusiano na nchi aliyokuja kuiona. Sauti nayo ni sehemu ya makaribisho, na inayolipiwa ilipiwe kwa haki: kupiga muziki hadharani kunahitaji idhini chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na wasanii au warithi wao wanastahili chao. Tena, bei ya kweli ya amplifaya haiko kwenye risiti, iko kwenye miaka. Kutoka Karatu hadi Arusha ni takriban kilomita 140, na huko nako fundi hawezi kutengeneza kisichokuwa na spea. Amplifaya yenye transista za kawaida, michoro ya saketi inayopatikana na mtengenezaji mwenye sifa ya kutunza vipuri inaweza kutumika miaka 30. Iliyojazwa bodi za intaneti na skrini za kugusa huanza kuzeeka pale programu zake zinapoachwa. Katika kuhesabu hivyo, ya bei ya kati iliyochaguliwa kwa makini mara nyingi huishinda ya kifahari, na nafurahi hoja yangu inapomfikisha mnunuzi kwenye matumizi madogo kuliko aliyopanga.

Kwa hiyo mnunuzi asiifanye safari ya dukani kuwa ya kutazama namba. Aombe jaribio, tena lifanyike kwenye ukumbi wake mwenyewe, kwa umeme wake, usiku. Mashine ya santuri iunganishwe, chaguo liwekwe kwenye fono, sahani isizunguke, kisha kitufe cha sauti kipandishwe hadi pale kitakapokaa wakati wa chakula. Aketi kwenye kiti cha mgeni na asikilize. Akisikia mvumo, mashine hiyo haijawa yake, liwe jina lolote usoni mwake. Akisikia upepo wa nje tu, aweke sahani ya inchi 7 iliyochakaa kuliko zote alizo nazo, abonyeze mono, na asikie kama mwimbaji amesogea mbele ya makovu. Baada ya hapo, akitaka, aulize wati.